Rangi za Kope na Nuru ya Mji Mkongwe

Tulivuka kwenda Unguja katika mwezi wa Shaabani, kaskazi ikiwa bado inavuma. Tulikuwa wanne: sisi ndugu wawili, binti yetu, na mwanawe wa miezi saba ambaye alilala njia nzima kifuani kwa mama yake. Boti ilipofunga Malindi jua lilikuwa limekwisha kupanda, na harufu ya bandari, ya dagaa, mafuta na majani ya chai, ikatupokea kama inavyowapokea wote wanaorudi nyumbani. Mpwa wetu, binti wa kaka yetu, alikuwa anaolewa Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ndogo kwa jina. Singo ilikuwa na mwenyewe, hina ilikuwa na mwenyewe, na vikuba vya asumini vilikwisha kuagizwa. Kilichobaki ni vipodozi vya macho, na hasa rangi za kope, zile ambazo vijana wa madukani huziita aishedo. Zilibaki kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake anazifahamu. Kaka yetu akasema, "Nyinyi ni mashangazi zake na mnatoka Dar es Salaam, bila shaka mnajua." Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba hatujui.

Alasiri ile tukamchukua bibi harusi, tukatoka naye. Anayetembea Mji Mkongwe hujifunza upesi kwamba mwanga wa pale hauji kwa mkupuo. Nyumba ni ndefu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro ni vyembamba, hivyo jua huingia vipande vipande: hapa ukuta mzima mweupe unawaka, hatua kumi mbele ni kivuli kizito kama cha kisimani. Wazee waliokaa barazani hujua saa kwa kuangalia ni baraza ipi iliyokwisha kupata kivuli. Sisi tulipita bila kuyafikiri hayo. Tulikuja kuyafikiri baadaye, yalipokwisha kutugharimu fedha.

Tukatokea Darajani. Jina hilo linakumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa, daraja likatoweka, jina likabaki. Soko lake lilijengwa mwaka 1904, na hata leo ukisimama mlangoni utasikia bei ya changu upande mmoja na bei ya iliki upande wa pili. Kando ya soko na kuelekea Mchangani kuna maduka ya vitambaa, mikufu ya kuazima, mrashi na vipodozi, moja limeegemea jingine.

Tuliingia katika duka moja dogo ambalo hatutalitaja. Ndani hamkuwa na dirisha. Taa tatu zenye mwanga wa manjano zilining'inia juu ya kabati la kioo, na chini yake visanduku vya rangi vilipangwa kama haluwa kwenye sinia. Chini ya taa zile kila rangi ilikuwa nzuri. Mpwa wetu alichagua kisanduku chenye rangi kumi na mbili, zote nyepesi: waridi changa, rangi ya pembe, zambarau iliyopauka, samawati ya asubuhi, na fedha. Alikuwa amewaona maharusi wa rangi hizo katika picha za simu.

Ni lazima tuseme kwamba mpwa wetu ni mweusi. Si maji ya kunde, bali mweusi hasa, weusi wa bibi yake mzaa baba, uliotulia na wenye kung'aa. Muuzaji alimtazama, akakitazama kisanduku, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayetoa nasaha njema, kwamba rangi zile zitamkubali vizuri zaidi akitanguliza krimu ya kung'arisha uso kwa siku tatu zilizobaki. "Uso ukiwa mweusi rangi haionekani, dada," alisema, akaweka kopo dogo juu ya kioo. Halikuwa na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo.

Tukanunua kisanduku. Kopo hatukulinunua, lakini tukiri ukweli mbele ya wasomaji wetu: hatukulikataa kwa hekima. Tulilikataa kwa kuwa fedha hazikutosha. Mpwa wetu alilitazama mara mbili wakati tunatoka, na njiani hakusema neno.

Somo wake alikuwa anatungoja nyumbani. Ni mwanamke wa makamo aliyewapamba maharusi wa mtaa ule tangu sisi tuko skuli, na hatuna haja ya kumsifu, kwa kuwa kazi yake itamsifu. Alikipokea kisanduku, akakifungua, akamkalisha bibi harusi kwenye mkeka, akampaka waridi changa kwenye ukope mmoja. Tulikuwa sebuleni, chini ya taa ndefu nyeupe ya darini. Tulisubiri kuona waridi, tukaona majivu. Ukope ulikuwa na utando wa kijivu, kama wa mtu aliyepikia kuni siku nzima.

Mpwa wetu alijitazama kwenye kioo, akakiweka chini. "Si alisema yule," alinong'ona. "Uso wangu haupokei rangi."

Tulimjua tangu mtoto, na hatukuwahi kumsikia akiusema uso wake kwa sauti ile. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kilichokuwa mezani si kisanduku cha rangi. Binti mzuri alikuwa karibu kuingia katika ndoa akiamini kwamba umbo aliloumbiwa na Mola wake ni kosa linalopaswa kusahihishwa kabla ya Ijumaa.

Somo hakumbembeleza. Alimshika mkono, akamtoa hadi uani, mahali ambapo nuru ya mchana hushuka kutoka juu na kuugonga ukuta wa chokaa. "Mwanangu," alimwambia, "mwenye kosa ni poda, si uso. Hebu tazama." Akaichota rangi ile kwa kidole, akaifikicha kwenye kiganja chake mwenyewe. Ilikuwa nyeupe zaidi kuliko waridi, kama chaki.

Alichotueleza pale uani tunakiandika kwa manufaa ya kila nyumba. Rangi ya kope ya poda ina sehemu mbili kubwa: rangi yenyewe, na poda ya kuibeba. Katika rangi nyingi nyepesi za bei ndogo, rangi yenyewe ni chache, na kinachobaki ni unga mweupe wa talki na madini mengine meupe. Kwenye ngozi nyeupe weupe huo haujitokezi. Kwenye ngozi nyeusi unajitokeza kabla ya kitu kingine chochote, nao ukichanganyika na weusi unaonekana kijivu. Basi mtu mweusi hahitaji ngozi nyingine. Anahitaji rangi iliyokolea, yenye unga mweupe mchache, na msingi mzuri chini yake.

Kuhusu kopo lile alisema maneno machache. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa bila jina zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezihesabu krimu zenye zebaki miongoni mwa bidhaa za kuondolewa sokoni. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. "Unaolewa Ijumaa," somo alimwambia. "Insha Allah utabeba mimba. Je, utaanza kumdhuru mwanao kabla hujamjua?" Mpwa wetu aliinamisha kichwa, kisha akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu tutoke Darajani.

Asubuhi ya Jumatano, saa tatu, tulirudi Mchangani, safari hii na somo. Alichagua duka si kwa wingi wa bidhaa bali kwa mlango wake: ulikuwa unatazama mahali palipo wazi. Kila rangi aliyoitaka aliichukua kutoka kwenye kijisanduku cha kujaribia kwa kijiti kipya cha pamba, akaipaka kwenye mkono wa mpwa wetu, akamtoa hadi kizingitini. Taa ya manjano ya dukani huipa rangi joto isilo nalo, na taa nyeupe ndefu huinyang'anya joto lililo nalo. Nuru ya mchana, kivulini, ndiyo hakimu. Lakini palibaki swali moja: sherehe itakuwa chini ya taa gani? Ukumbi ulikuwa na taa za manjano. Basi alichagua rangi zilizosimama vyema kizingitini, kisha akazirudisha ndani kuziona chini ya taa, na zile zilizoshinda mara mbili ndizo alizozinunua.

Zilikuwa nne tu. Ya kwanza ni kahawia ya karafuu kavu, isiyong'aa. Ya pili ni damu ya mzee, nayo isiyong'aa. Ya tatu ni shaba yenye kumetameta. Ya nne ni dhahabu iliyokolea, yenye mng'ao laini kama wa hariri. Tulishangaa kuona shaba ile, ambayo kwenye mkono wa binti yetu wa maji ya kunde ilionekana ya kawaida, ikiwaka kwenye mkono wa mpwa wetu kama chetezo kilichotoka kusuguliwa. "Mnaona?" somo alisema. "Weusi ndio unaoonyesha. Dhahabu huwekwa kwenye mahameli nyeusi ili ionekane."

Kuhusu namna ya kung'aa alitupa kanuni ambayo tumeihifadhi. Rangi isiyong'aa hujenga umbo: huweka kivuli, hurudisha nyuma, huficha uvimbe. Rangi inayometa huleta mbele: mahali inapokaa ndipo jicho la mtazamaji linapokwenda. Yenye mng'ao wa hariri iko kati ya hizo mbili, na humfaa karibu kila mtu. Mwenye kope zenye mikunjo ya umri ajiepushe na yenye kumeta sana, kwa kuwa chembe zake hukaa katika mikunjo na kuihesabia watu. Amtosha kahawia kavu kidogo. Ama glita ya chembe kubwa, ile ya kupambia kadi na maputo, isikaribie jicho la mtu yeyote, kwa kuwa chembe yake moja ikiingia ndani yaweza kulikwaruza.

Kisha alikigeuza kila kisanduku upande wa nyuma. Hapo huandikwa namba zinazoanza na herufi CI, nazo ni majina ya rangi kwa lugha ya viwanda. Namba 77491, 77492 na 77499 ni kutu za chuma: nyekundu, ya manjano na nyeusi, nazo ndizo zinazozaa kahawia nyingi tunazoziona. Namba 77891 ni madini meupe ya titani, ambayo yakitajwa mwanzoni kabisa katika rangi nyepesi hutahadharisha kuhusu ule ukijivu. Namba 77019 ni ulanga, madini yenye matabaka membamba ambayo ndiyo hutoa kumetameta. Na namba 75470 ni kamini, wekundu unaotolewa katika wadudu wadogo waliokaushwa. Katika kuitumia hii ya mwisho wanazuoni wametofautiana, basi mwenye shaka amuulize sheikh wake, au achague damu ya mzee iliyotengenezwa kwa kutu ya chuma, kama alivyofanya somo, naye akabaki na moyo uliotulia.

Tulidhani mafunzo yamekwisha. Adhuhuri ile tulipoingia nyumbani tulimkuta mama yetu, ambaye watoto wote wanamwita Bibi, amempakata kitukuu chake karibu na dirisha. Mkononi alikuwa na kichupa chake cha shaba na kijiti chake, na ndani yake wanja wa manga, uliosagwa kutokana na jiwe aliloletewa kutoka Maskati. Alikuwa anataka kumtia mtoto wanja, kama alivyotutia sisi, ili macho yake yawe makubwa na asipatwe na kijicho cha watu watakaokuja harusini.

Binti yetu aligeuka akatutazama. Alikuwa ameambiwa kliniki kwamba mtoto asitiwe wanja, lakini hakuthubutu kumwambia Bibi. Jambo hili lilitupasa sisi.

Kupaka macho rangi ni jambo la kale sana. Watu wa Misri ya kale, miaka zaidi ya 4000 iliyopita, walipaka kope zao kijani cha jiwe la malakiti na weusi wa jiwe liitwalo galena. Galena ni madini ya risasi. Jiwe la ithmidi, ambalo Mtume wetu (S.A.W.) alilisifu kwa manufaa yake kwa macho na kwa nywele za kope, linajulikana kwa wengi kuwa ni madini ya antimoni. Tatizo ni kwamba mawe hayo mawili hufanana: yote ni ya kijivu cheusi, yote humeta yakivunjwa, na yakishasagwa hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha. Maabara za nchi nyingi zimepima wanja na surma zinazouzwa masokoni na kukuta nyingi zina risasi, tena kwa wingi. Marekani hairuhusu kabisa wanja wa namna hiyo kuuzwa kama kipodozi. Mtoto mchanga hufikicha macho, kisha hutia mkono kinywani, na risasi inayoingia mwilini mwake huenda kwenye ubongo unaokua. Haimfanyi alie wala haimpi homa. Humpunguzia akili kimya kimya.

Tulimwambia hayo kwa adabu, tukiwa tumekaa chini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi nyote niliwatia wanja huu. Nani kati yenu ni mjinga?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na hatukuwa na jibu la kumshinda. Tukamwambia, "Mama, hatukulaumu, wala hatuikatai Sunna. Wewe ulitutia kilichokuwako, kwa mapenzi. Lakini jiwe lile la zamani hatulijui lilikuwa nini, na hili la leo hatulijui ni nini. Wanaokiheshimu alichokisifu Mtume wana haki ya kujua kama kweli wanauziwa hicho."

Alikaa kimya muda mrefu. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Hatimaye Bibi alikirudisha kijiti ndani ya kichupa, akakifunga. Akamwinua mtoto, akamsomea Qul audhu zote mbili, akampulizia usoni. "Kinga ya kijicho ni hii," alisema, kana kwamba ni yeye aliyekuwa akitufundisha tangu mwanzo. Na kwa hakika ni yeye.

Siku ya Ijumaa wanaume walikwenda msikitini, na baada ya Sala ndoa ikafungwa. Nyumbani somo alipanga kazi yake kwa kufuata nyakati za sala, si kwa saa ya ukutani. Bibi harusi alichukua udhu na kusali Alasiri uso ukiwa mtupu. Kisha ndipo alipoanza kupambwa, ili Magharibi imkute bado ana udhu ule ule. Somo alitukumbusha kwamba hina huacha rangi tu, wala haizuii maji, lakini maskara isiyoingia maji na rangi nzito za krimu hutanda juu ya ngozi na nywele, basi ni lazima ziondolewe kabla ya kutawadha. Wangapi kati yetu tumepita juu ya jambo hili kwa haraka ya harusi?

Alianza na macho kabla ya uso, kwa kuwa unga wa rangi zilizokolea hudondoka mashavuni, na ni rahisi kuufuta kwenye uso ambao haujapakwa kitu. Aliosha mikono. Kila brashi ilikuwa imefuliwa kwa sabuni na kukaushwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuiazima. Mapema mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na kwingineko, watu wengi walijifunza kwamba taulo na vipodozi vya kushirikiana huhamisha maradhi ya macho kutoka mtu hadi mtu.

Juu ya ukope aliweka msingi mwembamba sana wa rangi ile ile ya ngozi ya mpwa wetu, akaukandamizia poda kidogo. Joto la kaskazi hutoa jasho na mafuta, na rangi iliyowekwa juu ya mafuta hujikusanya katika mstari mmoja kabla ya nusu saa. Kisha akachukua karafuu kavu kwa brashi laini, akaigonga kuidondosha ziada, akaipitisha katika mkunjo wa ukope, huku na huku, kidogo kidogo. Kila baada ya mpito alimwambia, "Nitazame." Kope zikifumbwa huonyesha rangi ambayo zikifumbuliwa huimeza. Basi rangi hupimwa jicho likiwa wazi, kwani hivyo ndivyo watu watakavyoiona.

Damu ya mzee aliiweka pembe ya nje tu, kidogo kama alama ya kidole. Shaba hakuipaka kwa brashi. Aliichukua kwa ncha ya kidole chake cha pete, ambacho hakina nguvu nyingi, akaikandamiza katikati ya ukope bila kuiburuta, kwa sababu rangi inayometa ikiburutwa hutawanyika, na ikikandamizwa hushika. Dhahabu ilipata mahali padogo kuliko zote, pembe ya ndani, karibu na pua. Mwisho akachukua brashi safi isiyo na rangi, akapita mipakani mpaka mipaka ikatoweka. Hiyo ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu zaidi. "Rangi nne," alisema, "lakini anayetazama asiweze kuzihesabu." Wanja ulikuwa wa kalamu, wa kiwanda chenye jina na orodha ya vilivyomo, nje ya nywele za kope.

Hakumpa kioo. Alimtoa kwanza hadi uani, nuru ya alasiri ikiwa imeanza kugeuka, ukuta wa chokaa umekuwa wa rangi ya asali. Hapo ndipo alipomkabidhi kioo.

Mpwa wetu alijitazama muda mrefu, akiugeuza uso kushoto na kulia. Hakutokwa na machozi, wala hakusema maneno makubwa. Alisema, "Shangazi, nimefanana na Bibi." Na Bibi, aliyekuwa ameegemea nguzo, akamjibu, "Umechelewa kujua."

Baada ya Magharibi alivaa buibui na kujifunika uso, tukampeleka ukumbini kwa gari. Mlangoni wasichana wawili walikusanya simu zote na kuzitia kikapuni, kwa kuwa pale palikuwa pa wanawake peke yao na familia haikutaka sura za watu zisambae. Tuliwaza kwamba amri ile ilikuwa imetusaidia hata katika rangi. Picha za simu ndizo zilizotupeleka kwenye kisanduku cha kwanza, nazo zina mwanga wao na udanganyifu wao. Ukumbini hapakuwa na picha ya kuiridhisha. Palikuwa na macho ya mama, shangazi, jirani na marafiki, walio umbali wa mkono mmoja, chini ya taa za manjano, na macho hayo yaliona shaba juu ya weusi na yakapiga vigelegele. Yaliyobaki ya uzuri ule yalikuwa ya nyumba yake na mumewe, na huko sisi hatuna habari.

Saa tano ya usiku tulimsaidia kuondoa mapambo kabla hajaiwahi Isha. Mafuta ya nazi kwenye pamba, yaliyowekwa juu ya ukope uliofumbwa kwa muda wa Fatiha moja, huilegeza rangi bila kuisugua ngozi, na sabuni laini huondoa mafuta. Pamba zilitoka na karafuu, zikatoka na damu ya mzee, zikatoka na shaba, kisha zikatoka nyeupe. Uso uliobaki ulikuwa ule ule aliozaliwa nao, na aliuosha kwa udhu bila kuutazama kwenye kioo.

Tulirudi Dar es Salaam Jumapili kwa boti ya asubuhi. Kisanduku cha kwanza kilikuwa bado mkobani mwetu, kwa sababu mwenye duka hakukubali kukirudisha. Binamu mmoja wa bibi harusi, mweupe kama mabinti wa upande wa mama yake, alikijaribu ukumbini kwa ruhusa yetu, na waridi changa ile iliyokuwa majivu kwa mwenzake ikamkaa kama iliumbwa kwa ajili yake. Tukampa. Rangi haikuwa na kosa, na uso wa mpwa wetu haukuwa na kosa. Tulikuwa tumezikutanisha mahali pasipo na dirisha.